Kisiwani Kuna Kazi Kabla ya Mikuki

Mhariri,

Msimu wa tamasha za drama za shule ukikaribia, hapa Kisumu hurejea mchezo mmoja chini ya majina mbalimbali. Mtoto wa waziri, mtoto wa mchuuzi wa mitumba, mlokole na mtundu wa darasa wanavunjikiwa na boti, maji yanawatupa kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu, na kabla ya onyesho la pili kwisha wameshaanza kuwindana kwa mikuki. Nimefundisha Kiswahili na kusimamia uigizaji kwa muda mrefu, na ninaomba nafasi gazetini mwako niseme kwamba michezo hiyo inadhani tofauti za vijana ndizo zitakazowaangamiza, ilhali kinachoamua nani ataishi kisiwani ni kazi na jinsi inavyogawanywa.

Yapo yaliyotokea kweli. Mwezi wa Juni 1965, wanafunzi sita wa shule moja ya bweni huko Nuku'alofa, Tonga, waliichukua mashua ya mvuvi bila ruhusa kwa kuwa walikuwa wamechoshwa na shule (jambo ambalo walimu wenzangu hawatashangaa kulisikia). Dhoruba ikawararulia tanga na kuwavunjia usukani, wakaelea siku nane, wakafika 'Ata, kisiwa cha majabali ambacho hakikuwa na watu tangu karne ya 19. Walikaa huko miezi 15, hadi Septemba 1966 walipookolewa na nahodha Mwaustralia, Peter Warner. Mwanzoni walikula samaki na mayai ya ndege wa baharini, na kiu ilipowazidi wakanywa damu ya ndege hao. Baadaye walikwea hadi kwenye kasoko ya volkeno ya kale, wakakuta magimbi, ndizi na kuku waliozaana tangu wenyeji waondoke. Walichimba magogo yakawa matangi ya maji ya mvua, wakalima, wakafuga kuku, wakapangiana zamu za wawili wawili za shamba, jiko na ulinzi, na moto walipoupata hawakuuacha uzime. Mmoja wao alipoanguka jabalini akavunjika mguu, wenzake waliufunga kwa vijiti na majani, wakabeba zamu zake mpaka mfupa ukaunga. Ugomvi haukukosa. Waliokosana walitenganishwa, kila mmoja akaenda upande wake wa kisiwa mpaka hasira ipoe, ndipo wakaletwa pamoja kuombana radhi.

Atakayenipinga atasema kwamba hao walikuwa marafiki, wa lugha moja na shule moja, na tena watoto wa visiwani waliozoea bahari. Ni kweli, na hoja hiyo naiheshimu. Sita wasiojuana wangechelewa zaidi kuaminiana, na pengine kuchelewa huko kungemgharimu mtu uhai. Lakini hapo ndipo mchezo wenyewe ulipo: nani analala karibu na moto, nani anapewa zamu ya usiku, na yule asiyejua hata kuparua samaki atahesabiwa kwa lipi. Mwandishi anayeyaruka hayo akakimbilia mikuki ametupa mnofu akabaki na mifupa.

Halafu kuna kisiwa chenyewe. Mbona daima kina minazi na kasa, kana kwamba mwandishi hajawahi kusimama Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, akatazama mbele yake? Tunacho Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, chenye eneo la kilomita za mraba 4.2, ambako kuna swala lakini hakuna kijiji. Ng'ambo inaonekana kwa macho kutoka huko, ila kati yake na mwogeleaji wapo mamba na viboko. Maji yamejaa kila upande, na asiyeyachemsha anajitafutia kipindupindu au homa ya matumbo, kwa hiyo kiberiti kilicholowa ni balaa kubwa kuliko adui yeyote mwenye mkuki. Gugumaji nalo, likisukumwa na upepo, huziba sehemu kubwa za Ghuba ya Winam, na boti zimewahi kunaswa humo na watu wake, wakingoja upepo ugeuke. Usiku wa giza, wasio na moto huziona taa za wavuvi wa omena zikielea mbali wala hawana njia ya kuziita. Binafsi, mchezo wa siku tatu ndani ya gugumaji ungenishika kuliko mwaka mzima chini ya minazi.

Sasa weka botini msichana wa Mfangano anayezijua pepo, mvulana wa Kakamega anayezitambua mboga za porini, na mwenzao wa Nakuru ambaye hajawahi kupanda mtumbwi, maana ziwa la kwao ni la kutazamia heroe. Wa tatu huyo ataonekana mzigo. Lakini huenda ndiye pekee asiyekubali maji yanywewe bila kuchemshwa, na wengine wawili, waliokulia kwenye mazoea, watamcheka mpaka mmoja aanze kuhara. Hapo tofauti zao zina kazi ya kufanya jukwaani, na mtazamaji wa Kondele au Ahero hatahitaji kuelezwa hatari iko wapi.

Ninawaomba basi walimu wenzangu, kabla hawajaandika neno la kwanza la mchezo wa mwaka ujao, wawapeleke wanafunzi Dunga wakawaulize manahodha upepo hugeuka saa ngapi, ni vitu gani havikosi botini, na aliyenaswa na gugumaji hufanya nini akiishiwa na chakula. Na waamuzi wa tamasha, wanapotoa alama, waulize pia moto uliwashwaje.

Mwalimu wa Kiswahili,
Nyamasaria, Kisumu