Soka la Ufaransa halikuanza na fedha za Qatar

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu makala ya ukurasa wa michezo iliyoisifu Paris Saint-Germain (PSG). Sina ugomvi na sifa zenyewe. Timu iliyoichapa Inter Milan 5-0 kwenye fainali ya Ulaya mwaka 2025 inastahili kusifiwa. Kinachonikera ni mwandishi kuieleza kana kwamba ndiyo iliyokuwa baba wa soka la Ufaransa miaka yote.

PSG ilianzishwa mwaka 1970. Mwaka huohuo klabu ya Saint-Étienne walikuwa wanabeba ubingwa wao wa nne mfululizo. Waqatari walipoinunua PSG mwaka 2011, klabu hiyo walikuwa na mataji mawili tu ya ligi, la 1986 na la 1994. Saint-Étienne walikuwa nayo 10, la mwisho wakilichukua mwaka 1981 Michel Platini akiwa kikosini. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2023, PSG walipofikisha la 11.

Mataji hayo ya Saint-Étienne yalikwenda kwenye mji wa wachimba makaa ya mawe na mafundi wa bunduki na baiskeli. Klabu ilitokana na timu ya wafanyakazi wa maduka ya vyakula ya Casino. Rangi ya kijani ya jezi ilitoka huko, na uwanja una jina la mwenye maduka, Geoffroy Guichard.

Lakini gazeti la Kiafrika lilipaswa kwanza kabisa kumtaja Rachid Mekhloufi, Mwalgeria aliyeichezea Saint-Étienne. Aprili 1958, akiwa askari wa jeshi la Ufaransa na akitazamiwa kwenda Kombe la Dunia, alitoroka pamoja na Waalgeria wenzake kwenda kuchezea timu ya FLN, chama cha wapigania uhuru wa Algeria. Vita vilipokwisha alirudi Saint-Étienne mwaka 1962. Wengi walidhani atazomewa; uwanja ukampigia makofi. Timu ilikuwa daraja la pili, akaipandisha, na mwaka 1964 wakawa mabingwa. Fainali ya Kombe la Ufaransa ya 1968 dhidi ya Bordeaux iliisha 2-1, na mabao yote mawili yalikuwa yake.

Salif Keita naye alitoka Mali mwaka 1967, akatua Paris bila kumkuta mwenyeji wake. Alichukua teksi kutoka uwanja wa ndege wa Orly hadi Saint-Étienne, takriban kilomita 500, na nauli ikalipwa na klabu. (Hesabu za klabu hiyo sijawahi kuziona, ila naamini hiyo ndiyo pesa waliyoitumia vizuri kuliko zote.) Msimu wa 1970/71 alifunga mabao 42 kwenye ligi na bado hakuwa mfungaji bora, kwa sababu Josip Skoblar wa Marseille alifunga 44. Mwaka 1970 Keita ndiye aliyekuwa wa kwanza kutunukiwa tuzo ya mwanasoka bora wa Afrika, na klabu ikaweka chui mweusi kwenye nembo kwa heshima yake.

Vijana wa leo wakisikia fainali ya Ulaya ya 1976 dhidi ya Bayern Munich, wataambiwa tu kwamba Saint-Étienne walifungwa 1-0. Waambiwe pia kwamba shuti la Bathenay na kichwa cha Santini, wachezaji wao, vyote viligonga mtambaa wa panya, na magoli ya Hampden Park, uwanja wa Scotland ilikochezwa fainali hiyo, wakati ule yalikuwa na miti ya pembe nne. Mashabiki wa kijani wanashikilia hadi leo kwamba miti ingekuwa ya mviringo, mpira ungeingia. Mwaka 2013 klabu iliyanunua magoli hayo ikayaweka kwenye makumbusho yake.

Malaika hawakuwa. Mwaka 1982 iligundulika klabu ilikuwa na mfuko wa siri wa kuwalipa wachezaji. Rais wake, Roger Rocher, aliishia jela, na mwaka 1984 timu ikashuka daraja. Ilishuka tena mwaka 2022, msimu uleule PSG walipoifikia kwa mataji 10.

Kwa hiyo nashauri, Mhariri, mkichapa tena orodha ya mabingwa wa Ufaransa msiianzie mwaka 2013 kama mlivyofanya. Ianzieni walau 1957, mwaka Saint-Étienne walipochukua ubingwa wao wa kwanza, Mekhloufi akiwa uwanjani.

Msomaji wenu,
Morogoro