Ni mdudu mmoja, si wanne

Malindi,
Ijumaa jioni

Kwa ndugu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, natumai nyote huko Shela hamjambo na kwamba mguu wa Bi Zuhura umepata nafuu. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila joto na mbu. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu Shee amenieleza kuwa wale wadudu niliokupelekea kutoka ukingo wa mto Sabaki umekwisha kuwagawa katika visanduku vinne kwa ajili ya maonyesho ya shule: wa kahawia, wa kijivu, mwenye mabaka meupe na mwenye mstari mweupe mgongoni. Tafadhali, vibandiko vya majina usivibandike kwanza.

Nionavyo mimi, hao wote ni mdudu mmoja, panzi mdogo wa jamii ya Tetrigidae, na katika jamii hiyo rangi ndiyo kitu cha mwisho cha kumtambulia. Mama mmoja hutaga mayai yanayotoa watoto wa rangi na mabaka mbalimbali. Robert Nabours, aliyewafuga panzi hao huko Kansas, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, alionyesha kwamba mabaka hayo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Kwa visanduku vyako, basi, yamkini umewatenganisha ndugu wa tumbo moja.

Mtazame mgongo. Panzi wa kawaida ana gamba linalofunika shingo na mabega tu, lakini la huyu limerefuka likaenda nyuma likichongoka hadi mwisho wa tumbo, nalo limejaa vinundu kama punje za mchanga. Mabawa ya mbele yamebaki vigamba viwili vidogo ubavuni, na ya nyuma yamekunjwa chini ya gamba hilo, ndiyo maana Mwalimu Kombo anashikilia kwamba ni tunutu, yaani mtoto wa panzi ambaye hajakomaa. Tunutu hana mabawa ya kurukia, ilhali huyu, nilipomkaribia pale chini ya daraja, alichupa, akakunjua mabawa, akaangukia majini, kisha akapiga mateke kwa miguu ya nyuma mpaka akafika kwenye matope, akatulia. Nami nikampoteza papo hapo, na macho nimemkazia. Kijana aliyenisindikiza alikuwa akichunga viboko wasitutokee, wala simlaumu.

Ama ile kauli yako kwamba huenda ni kunguni wa ufukweni, yule mwenye umbo la chura, sikatai kwamba naye hujificha vivyo hivyo na rangi zake hubadilika. Lakini kunguni huyo ana mdomo wa kufyonzea na miguu ya mbele ya kunasia wadudu wenzake, na wetu ana taya za kutafuna, chakula chake ni mwani unaotanda juu ya matope na mabaki ya mimea iliyooza.

Narudi kwenye rangi, maana najua hapo ndipo utakapobisha. Matope ya Sabaki yenyewe si ya rangi moja: mabichi ni mekundu, yakikauka hufifia, na penye mchanga huwa na madoadoa. Ndege aliyezoea kutafuta mdudu wa kahawia humpita wa kijivu bila kumwona, kwa hiyo kutofanana huko kunawafaa, hata kama kunatutesa sisi wenye visanduku.

Je, ile lenzi ya kukuzia bado unayo, au Shee aliondoka nayo? Waweza kumpiga picha kila mmoja kutoka juu na kutoka ubavuni? Ncha ya gamba inapita magoti ya miguu ya nyuma, au inaishia kabla? Usishtuke wakitofautiana, kwani urefu huo nao huweza kubadilika ndani ya aina moja. Na huko kwenu, kwenye madimbwi ya maji baridi yanayobaki baada ya mvua, hujawahi kuwaona? Maonyesho yenyewe ni lini, na nani atasimamia meza? Nijibu upesi, kabla vibandiko havijakauka gundi.

Wasalaam,
Ndugu yako,
Said