Mdogo wangu wa Bruxelles, ile video ya kwenye kilio

Mdogo wangu,

Najua utasema mambo ya ukoo hayaandikwi mtandaoni. Lakini ile video uliiweka wewe, mikono ya Mama Mdogo ingali humo, myeusi kwa makala (mkaa), na watu wasiomjua wanazidi kumwandikia maneno. Basi jibu nalo lipite mlango huohuo.

Ule usiku wa pili wa kilio haunitoki. Bashi, yaani turubai, imefungwa toka ukuta wa jirani hadi kwenye mwembe, wamama wamekaa chini, umeme umekatika tangu mchana. Mama Mdogo, aliyekuwa hajafumba jicho tangu mama atutoke, anapepea mbabula tatu, majiko ya makala, kwa kipande cha karatoni ili waliokuja kulia nasi wapate bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Ukainua simu. Ukasema kwa Kifaransa kwamba hivi ndivyo misitu ya Kongo inavyokwisha, kwamba sisi ndio tunaochoma dunia. Mama Mdogo hajui Kifaransa. Alikuchekea kwenye simu, akidhani unawaonyesha watu wa Ulaya wanaokusaidia kulia.

Ndiyo maana nilikujibu mbele ya watu. Baba mkubwa bado ananinunia, anasema dada mkubwa hapaazi sauti maiti akiwa hajazikwa. Ningenyamaza, nani angesema?

Sikatai kwamba msitu unakwisha. Misitu ya miombo iliyokuwa karibu na Lubumbashi tulipokuwa watoto imerudi nyuma mbali sana, na wenye baiskeli za makala wanajua wanafuata miti wapi siku hizi. Lakini nyaya za umeme za bwawa la Inga, kwenye mto Kongo, zimefika Kolwezi, mji wa migodi, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, safari ya kilomita kama 1,700, zikipita juu ya vijiji vinavyopikia kuni, kwa sababu zilijengwa kwa ajili ya shaba. Nchi nzima, mwenye umeme ni kama mtu mmoja kati ya watano. Mama Mdogo hakuchagua makala. Makala ndiyo nishati anayoweza kuinunua kidogokidogo, kwa pesa ya siku ile.

Na ukihesabu mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mkongomani mmoja kwa wastani hafikishi kilo 100 za hewa ya kaboni kwa mwaka. Mbelgiji anakaribia tani 7. Pato likipanda, kaboni inapanda nalo: gari, nyumba ya kupasha joto, nyama, ndege. Ndege iliyokuleta na kukurudisha, kiti chako peke yake, ilitoa zaidi ya tani moja, yaani miaka kumi na zaidi ya mtu wa hapa. Sikulaumu hata kidogo kwa hiyo ndege. Mama asingezikwa bila wewe, na nilipokuona uwanjani nililia kwa furaha katikati ya msiba. Ila ungejihesabu kwanza kabla ya kumhesabu aliyekubeba mgongoni.

Ukanijibu kwa Kuznets, yule mwanauchumi, kwamba nchi ikishatajirika hewa yake inasafika. Nimesoma, mdogo wangu, si wewe tu uliyesoma. Kuznets mwaka 1955 alikuwa anazungumzia tofauti ya vipato. Waliohamisha ule mchoro wake, wa mstari unaopanda kisha kushuka pato likikua, kwenye mazingira ni wachumi Grossman na Krueger, mwaka 1991, na walipima salfa na moshi wa mijini. Salfa inamkohoza anayeishi chini ya bomba la kiwanda, naye akiwa na pesa na sauti anadai iondolewe. Kaboni haina harufu. Anayeitoa Bruxelles haoni kiangazi kikirefuka Katanga, kwa hiyo hakuna cha kumsukuma haraka.

Kweli, zipo nchi zilizopunguza kaboni huku zikitajirika. Uingereza imeshuka karibu nusu tangu 1990, na ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe mwaka 2024. Nawapongeza. Lakini sehemu ya moshi wao imehamia China, kwenye viwanda vinavyowatengenezea vitu, na unaandikwa kwa jina la China. Hata gari lako la umeme, ulilonitumia picha ukiwa na furaha nami nikafurahi nawe, betri nyingi za namna hiyo zinakula kobalti, madini ya betri, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, Kolwezi na Fungurume. Malori na mashine za kuichimba zinahesabiwa kwetu. Usafi wa barabara yako unahesabiwa kwenu.

Kuna jambo lingine ambalo hukunipa nafasi ya kulimalizia. Kesho Mama Mdogo akipata chupa ya gesi, kaboni ya Kongo ya mafuta na gesi itapanda, na miti itabaki imesimama. Wewe utaona mstari umepanda kwenye kompyuta yako na kusema tumezidi kuharibu. Mimi nitasema yule mama ameacha kukohoa. Nataka ule mstari upande, mdogo wangu, upande hadi wamama wote wa Katuba, hapa Lubumbashi, wapike bila kufumba macho.

Chupa na jiko lake nimeanza kuviwekea pesa. Ukitaka kuongeza, ongeza, lakini usizitume kwangu. Futa ile video, kisha umpigie simu Mama Mdogo wewe mwenyewe, umwambie kwa Kiswahili ulichosema usiku ule.

Yaya wako, dada yako mkubwa