Muarobaini tangu lini ukawa mti wa asili?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka nanyamaza zangu, ila ile habari ya kampeni ya kupanda "miti ya asili" hapa Tanga imenishinda. Eti asili: muarobaini, mwembe, mkaratusi na mkrismasi! Muarobaini na mwembe ni za upande wa India huko, mkaratusi Australia, mkrismasi Madagaska (haya, huyo tumwite jirani). Mkwaju ambao ni wa Afrika kabisa, mkauweka kwenye "iliyoletwa na wageni". Nani kawaambia?

Sisemi tung'oe, maembe nakula sana tu, na hata mkonge tunaojidai nao aliuleta Mjerumani mmoja, Hindorf, 1893, kwao Mexico. Ila tusidanganyane mwenye nyumba nani.

Sasa sikilizeni kilichoniudhi. Mtaani kwetu Ngamiani palikuwa na mkwaju mkubwa, wazee bao hapo, mama lishe hapo, bodaboda hapo, wiki iliyopita wakaja vijana na msumeno wa mashine na barua ina muhuri, wanasema wanapendezesha mji kwa miti ya asili, wakaukata wote mpaka kisiki, halafu pale pale wakachomeka ashoki! Limti limesimama kama askari wa gwaride, kivuli chake hata kuku hakimtoshi, nikawauliza nyie wanangu huu si wa India huu, mmoja akatoa simu akanionyesha habari yenu, "mzee soma, mkwaju ndio wa kuja." Nikakosa la kusema jamani.

Na iliyobaki nayo inapigiliwa misumari kila siku, mganga wa mapenzi, chumba kinapangishwa, tuisheni ya hesabu, mpaka mti unatoka utomvu na hakuna anayeulizwa.

Halafu kuwa wa Afrika tu nako hakutoshi. Pale Amani milimani Usambara, kwenye bustani waliyoanzisha Wajerumani 1902, mti wa musizi uliletwa kutoka pande nyingine za bara hili hili, leo umejaa msituni unaibana miti ya Usambara.

Kwahiyo mwandishi wenu mpeni nauli, basi mpaka Muheza, bodaboda mpaka Amani, aushike mvule mmoja na mkangazi mmoja kwa mkono wake, apige selfi nayo, akirudi aandike upya. Hataki, apande mbegu ya mvule mlangoni kwa ofisi yenu, akae na kiti chake asubiri kivuli.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga