Mama, usikae kimya kwa sababu uko edani

Hamburg, Jumapili usiku

Mama, shikamoo.

Tangu dada anipigie juzi na kuniambia mdogo wangu kakatwa panga mkononi, na aliyemkata ni baba mdogo, sijapata usingizi. Ua ule ule tulioweka turubai la msiba wa Baba, leo umemwagika damu ya mwanawe.

Nasikia wazee wanataka kikao, yaishie ndani. Kuhusu ugomvi wa nyumba, wakae hata siku tatu. Kuhusu panga, hapana. Nilikosea mwezi uliopita baba mdogo alipobadilisha kufuli la chumba cha mbele, nikawaambia mnyamaze kwa kuwa ni ndugu. Ukimya ule ndio uliompa ujasiri. Naomba unisamehe.

Kesho asubuhi dada aende na mdogo wangu kituo cha polisi. Kama PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, haikuchukuliwa usiku ule, ichukuliwe, daktari aijaze, na wasirudi bila namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Shati lenye damu lisifuliwe. Na wewe, kama baba mdogo ametishia kukutoa nyumbani, Dawati la Jinsia na Watoto liko hapo hapo polisi.

Baba mdogo anasema mrithi wa kaka ni ndugu yake. Si kweli, Mama. Kwa mirathi yetu ya Kiislamu wewe una thumni, 1/8. Babu na bibi walishatangulia, kwa hiyo kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Palipo na mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu hana fungu. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu msimamizi. Anayemteua ni mahakama. Dada abebe muhtasari wa kikao na cheti cha kifo cha RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, aende Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali mahakamani. Karatasi za nyumba zitolewe humo nyumbani leo leo.

Wakili wa kulipa msimtafute kwanza. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huwasaidia bure wasio na uwezo. Wale vishoka, mawakili bandia wanaozunguka nje ya mahakama wasipewe hata mia.

Umesema uko edani, hutoki. Mama, mjane hukaa eda katika nyumba ya mumewe. Anayetaka kukutoa ndiye anayeivunja heshima ya eda. Na kutoka mchana kwa dharura kumeruhusiwa. Nimemuuliza sheikh wa huku, nawe muulize wa msikiti wetu.

Nauli nimeituma kwenye simu ya dada. Ijumaa naenda ubalozini Berlin kuthibitishiwa barua yangu ya ridhaa, kwamba nakubali dada awe msimamizi.

Usiku wa leo mlale chumba kimoja, komeo la ndani lifungwe. Dada anibipu akitoka kituoni, hata kama huku ni alfajiri.

Mwanao