Yah: Amplifaya inayochemka ikiwa stendibai, na muhuri mliouvunja kwa bisibisi yenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salamu na heshima. Masharti ya waranti mliyaandika ninyi, sitawasomea. Namba ya mashine na ya risiti zipo kwenye fomu iliyobanwa nyuma ya barua hii, na fomu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Fundi wenu alivunja muhuri wa waranti mbele yangu, kwa bisibisi yake, juu ya meza yenu. Fomu ikarudi imeandikwa: "muhuri umevunjwa na mteja." Nitalirudia hilo. Kwanza ugonjwa wa mashine, maana inaonekana hakuna aliyeusoma.

Amplifaya hii ikizimwa kwa rimoti, skrini inazimika na taa nyekundu inawaka kama inavyotakiwa, lakini ndani haijazimika. Kipima wati kilichochomekwa kati yake na soketi kinasoma wati 38 ikiwa imewashwa bila muziki, na wati 29 ikiwa stendibai. Kijitabu chenu kinaahidi isiyozidi nusu wati mtandao ukiwa umefungwa, na wati 2 ukiwa wazi. Wati 29 usiku na mchana ni karibu uniti 21 kwa mwezi, za mashine inayodaiwa kulala. Joto nalo: chumba kikiwa nyuzi 30, mfuniko juu ya mapezi ya kupozea unafika nyuzi 52 baada ya saa mbili za stendibai. Nyuzi hizo ni za kipimajoto cha miale kilichoelekezwa kwenye kipande cha utepe mweusi kilichobandikwa juu ya alumini, kwa sababu alumini tupu inayong'aa hukidanganya kipimo hicho na kukifanya kisome chini. Naeleza hili kwa kuwa kijana wenu wa simu alidokeza kwamba labda sijui kupima.

Matokeo yake, muziki unaanza mashine ikiwa tayari ina moto. Kwa sauti ya kawaida ya sebuleni, ndani ya saa moja hivi relei ya spika (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inakata, taa inapepesa nyekundu, na kihisi joto kinakataa kuiruhusu iwake hadi ipoe. Haipoi. Itapoaje, wakati stendibai yenyewe ndiyo jiko?

Yafuatayo yamekwisha kuondolewa kwenye orodha ya washukiwa, ili msinirudishe huko. Waya wa mtandao umechomolewa, waifai imefungwa kwenye menyu, stendibai ya mtandao imewekwa Zima: wati 29. Waya wa HDMI wa runinga umetolewa kabisa, si kuzima CEC tu (ile amri ya runinga kuiwasha na kuizima mashine kupitia waya huo): wati 29. Programu ya ndani imesasishwa, kisha mipangilio ya kiwandani ikarejeshwa: wati 29. Mashine iko juu ya meza ya wazi, sentimita 15 juu yake hakuna kitu, na haijakalia king'amuzi wala haijakaliwa nacho. Spika ni jozi moja ya ohm 8. Mita inasoma 6.4 kwenye koili, ambayo ndiyo kawaida ya spika ya ohm 8 isiyochezeshwa. Volti za DC, yaani umeme mnyoofu usiotakiwa kufika kwenye spika, ni milivolti 12 kushoto na 9 kulia kwenye matundu ya spika. Zingekuwa mamia, tungezungumza habari ya transista mbovu. Umeme wa soketi unacheza kati ya volti 226 na 238, hakuna cha ajabu hapo. Na tafadhali, msinieleze tena kuhusu dakika 20 za kujizima. Hilo ni la programu kuamua ilale saa ngapi. Yangu ikiamriwa kulala, hailali.

Ukiyajumlisha hayo linabaki jambo moja, na halihitaji mashine ya X-ray. Bonyeza kitufe cha kuzima kwenye ile ya maonyesho iliyopo dukani kwenu, utasikia "ta" mara mbili: relei ya spika, kisha relei kubwa inayokata umeme wa transfoma. Yangu inatoa moja. Midomo ya relei kubwa imegandana, transfoma haikatiwi umeme, na transista za mwisho zinaendelea kunywa mkondo wao wa kutulia usiku kucha bila muziki wowote.

Sababu nayo si siri. Transfoma ya duara hunyonya makumi ya ampea kwa kitambo kidogo pale inapowashwa. Kiwanda kimeweka NTC, kipingamizi kinachobadilika kwa joto, ya kuubana mkondo huo: ikiwa baridi inabana, ikipata moto inaachia. Sasa umeme ukatike na kurudi ndani ya sekunde chache, jambo la kawaida hapa mjini, na mashine yenu inakumbuka hali yake ya mwisho na kujiwasha yenyewe. NTC bado ina moto, haibani kitu. Mkondo wote unapita kwenye midomo ya relei, inachomeleana. Kiwanda makini kingeweka relei ndogo ya kuiruka NTC sekunde moja baada ya kuwaka, ili ibaki baridi ikisubiri pigo linalofuata. Hilo ni deni la wachoraji, siwadai ninyi. Ninachowadai ni relei ya volti 12 inayobeba ampea 16, yenye daraja la TV-8 linalohimili mkondo wa kuwashia, na NTC mpya. Ni nusu saa ya lehemu kwa fundi anayekumbuka kuzimaliza chaji kapasita kubwa kabla ya kuingiza mkono.

Yote haya yalikuwa kwenye karatasi moja niliyoikabidhi kaunta pamoja na mashine. Dada wa mapokezi aliipokea vizuri, simlaumu. Kwa kalamu yake, kwenye kisanduku cha "hali ya muhuri", aliandika "mzima". Nakala ya njano ninayo.

Halafu akaja fundi. Hakusoma karatasi. Alichomeka mashine kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachovuma, bila spika, akaiwasha, akaweka kiganja juu ya mfuniko na kuniambia, "Mzee wangu, hii mbona baridi? Punguza tu mdundo." Nilipomwomba asikilize relei, akachukua bisibisi, akachoma karatasi ya muhuri, akafungua mfuniko, akachungulia, akaufunga. Akaandika. Nikapewa fomu nisaini. Sikusaini.

Kipimo gani hicho, Ndugu Meneja? Mapezi ya alumini yenye uzito ule huchukua muda mrefu kufikia joto lake la kutulia. Marekani, kanuni ya mwaka 1974 ya kutangaza nguvu za amplifaya ilitaka mashine iendeshwe saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake kabla ya kupimwa, na mwaka 2000 ikalegezwa hadi thumni ya nguvu. Kwenu ni kiganja. Bila spika wala mzigo wa ohm 8, na hewa ya kiyoyozi ikipiga juu, hata mashine iliyoungua nusu ingepita. Na relei iliyoganda ina tabia ambayo kila fundi wa meza anaijua: ikitikiswa njiani inaweza kuachia kwa muda, kisha ikagandana tena. Ndiyo maana dawa si kuiwasha na kuangalia kama inawaka. Ni kuipima wati ikiwa stendibai, na kuipima zaidi ya mara moja, kwa kuchomoa na kuchomeka.

Ombi langu la mwanzo lilikuwa dogo mno: relei, NTC, mashine irudi nyumbani. Kijana wa simu, kabla sijaileta, alikuwa ameniahidi kwamba "tatizo la stendibai tunalijua". Kama mnalijua, karatasi yangu haikuwa na kazi. Kama hamlijui, mngeisoma. Baada ya ninyi kuichukua mashine alinipigia tena kuniambia faili limefungwa kwa sababu ya "uharibifu wa mtumiaji", na kwamba kuna ada ya ukaguzi ya Sh 45,000. Ada ya kiganja!

Naomba turudi kwenye meza ile, kwa sababu wakati wa simu hiyo nilitulia kuliko ninavyostahili kusifiwa. Muhuri ulikuwa mzima. Maandishi yenu yanasema mzima. Fundi wenu alikaa mbele yangu, karatasi yangu ya vipimo imewekewa kikombe cha chai, chai imelowesha namba zenyewe, na akachukua bisibisi ya msalaba isiyolingana na skrubu. Skrubu mbili za nyuma ameziharibu vichwa; ziangalieni, chuma kinang'aa. Bisibisi ilipita katikati ya muhuri, nikasema, "Fundi, hiyo ni waranti," akajibu, "Usijali mzee, sisi ndio wenye waranti." Wenzake wawili walicheka. Mfuniko ukawa wazi. Relei ile kubwa ilikuwa mbele ya pua yake, mashine imechomolewa, mita ya njano iko pembeni. Kugusa miguu miwili ya midomo ya relei kwa mita: ikilia, imegandana, isipolia, imeachia. Ni sekunde kumi. Hakugusa. Alifunga, akachukua kalamu, na mtu yule yule aliyesema "sisi ndio wenye waranti" akaandika kwamba muhuri nimeuvunja mimi.

Sitazungumzia tena relei peke yake. Nataka mambo haya, na nayataka kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Maneno "muhuri umevunjwa na mteja" yafutwe kwenye fomu na kwenye kompyuta yenu, na nipewe barua inayosema nani aliuvunja. Ada ya Sh 45,000 ifutwe. Mashine itengenezwe na fundi mwingine, na inaporudi iambatane na karatasi ya vipimo: wati za stendibai mtandao ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, na joto la mapezi baada ya saa moja kwenye mzigo wa ohm 8, chumba kikiwa na joto la chumba, si la friji. Skrubu zibadilishwe. Waranti iongezwe kwa muda wote mashine itakaokuwa mikononi mwenu.

Na nikifikiri vizuri, kutengenezwa na watu wale wale sikutaki tena. Nataka mashine mpya ya modeli hiyo hiyo, iliyojaribiwa mbele yangu kwa kipima wati nitakachokuja nacho, au fedha zangu zote kama zilivyo kwenye risiti. Chagueni kimoja.

Siku ya 15 barua hii, nakala ya njano, fomu ya fundi wenu na picha za skrubu zitakuwa mezani kwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ina maneno yake kuhusu mfanyabiashara anayempotosha mlaji. Ikibidi nitafika mahakamani kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Huko nitaomba relei ipimwe mbele ya hakimu, na fundi wenu aje na bisibisi yake.

Mashine msiiguse tena hadi tuelewane. Msiichomeke, msiifungue, msiitikise. Nakala ya barua hii nimempa dada wa mapokezi, ameigonga muhuri wa "imepokelewa", wenye tarehe.

Wenu,
Mteja, mwenye nakala ya njano.