Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya watu wenye ulemavu: kiti mwendo kisitolewe bila fundi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Tanga. Mimi ni fundi baiskeli, na mji wetu, kama unavyojua, ni wa baiskeli tangu zamani. Kazi ya mikono yangu ni spoku, rimu na tyubu. Lakini siku hizi ninaletewa viti mwendo pia, na hivyo ndivyo vilivyonisukuma nikuandikie.

Kiti huletwa kwenye bajaji, au husukumwa na mjukuu, na mwenyewe anakuwa amebaki nyumbani kitandani akingoja. Baiskeli ikiharibika, mwenye baiskeli anatembea. Kiti mwendo kikiharibika, mwenyewe haendi msalani bila kubebwa, haendi shule, haendi kwenye genge lake la mboga. Kwa hiyo mtu akiniambia "nitakifuata wiki ijayo nikipata hela", najua kuna mwenzetu atakayelala wiki nzima akitazama dari.

Viti vingi ninavyopokea vilitolewa msaada. Waliovitoa walikuwa na nia njema, nami nawashukuru kwa dhati. Ninacholalamikia ni kinachofuata baada ya picha kupigwa. Mtu anakalishwa kwenye kiti ambacho hakupimiwa, hafundishwi kukitumia, wala haambiwi kikiharibika akipeleke wapi.

Nianze na breki, maana ndizo zinazowaangusha watu. Breki ya kiti mwendo cha kawaida haibani rimu kama ya baiskeli. Ni mkono wa chuma unaokandamiza tairi lenyewe. Tairi likipungua upepo, chuma hakilikazi, na breki unayoiona imefungwa inakuwa haishiki kitu. Mtu anajiinua ahamie kitandani, kiti kinateleza nyuma, anaanguka katikati. Wengi huniambia breki imekufa. Ninajaza upepo, na breki inashika palepale. Hili ni jambo la kumfundisha mtu siku anapokabidhiwa kiti: bonyeza tairi kwa kidole gumba kwa nguvu, likiingia zaidi ya milimita 5 hivi, tafuta pampu kabla hujahama kitini.

Tena pampu ipatikane, na tyubu ipatikane. Viti vingi vinavyoletwa vina magurudumu membamba ya inchi 24, na baiskeli zinazotembea barabarani kwetu nyingi ni za inchi 26 na 28. Nenda duka lolote la spea hapa mjini uulizie tyubu ya kiti mwendo. Watu wanalazimisha tyubu kubwa, inajikunja ndani ya tairi na kupasuka. Wengine wanashindilia matambara. Kiti kizima kinawekwa stoo kwa kukosa mpira.

Magurudumu madogo ya mbele nayo yana shida yake. Nywele, nyuzi za nguo na mabaki ya nyavu hujisokota kwenye ekseli mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mchanga na hewa ya chumvi hula beringi. Gurudumu dogo likikwama ghafla kwenye shimo, mtu hurushwa mbele. Na hapa niseme wazi: viti vingi tunavyopewa vilitengenezwa kwa korido za hospitali, sakafu laini, mgonjwa anasukumwa kutoka wodini kwenda eksirei. Tunavipeleka kwenye mchanga na njia za mawe za vijijini, halafu tunashangaa vinavunjika. Kiti cha mtu wa kijijini kinahitaji magurudumu ya mbele mapana zaidi na yaliyokaa mbali kidogo na yale makubwa, ili kisibinuke.

Kuna jambo ambalo si la ufundi wangu, ila nimeliona mara nyingi mno kulinyamazia. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi anapokalia. Akikaa saa nyingi kwenye kitambaa kilicholegea, bila mto, nyama inakandamizwa katikati ya mfupa na kiti, damu haipiti, na kidonda kinaanza bila yeye kujua. Vidonda hivyo vya mgandamizo huchukua miezi kupona, na vikiingia wadudu vinaua. Mto wa sponji nzuri, uliokatwa kufuata makalio, unazuia mengi. Na mazoea madogo pia: kuinama mbele au kuegemea upande mmoja kisha mwingine kila baada ya nusu saa, na kukagua ngozi kila jioni kwa kioo au kwa jicho la ndugu. Sponji ikishabonyea isirudi, ibadilishwe. Isianikwe jua kali, itakatika vipande. Ninapoletewa kiti kisicho na mto huuliza, na jibu ni lilelile, kwamba kilikuja hivyohivyo.

Mengine ni ya dakika chache kumwonyesha mtu na familia yake. Usikanyage sehemu ya kuwekea miguu unapopanda au kushuka, kiti kitabinuka. Usining'inize dumu la maji au mkoba mzito nyuma ya mgongo, hasa ukipanda kilima. Mteremko mkali, anayekusaidia akushushe kinyumenyume, yeye akiwa chini. Akina mama, ncha za kanga na baibui zikunjwe vizuri, spoku hazichagui. Kiti kikipita kwenye maji ya chumvi kifutwe kwa maji safi, kikaushwe, nati zikazwe, palipo na kiungo pawekwe tone la mafuta safi. Watu hupaka mafuta machafu ya injini, nayo hugandisha mchanga.

Mheshimiwa, ninayoomba hayahitaji sheria mpya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara yake ya 20 inataja vifaa bora vya kutembelea kwa bei nafuu, na mafunzo ya kuvitumia. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2008, ukitaja hatua nane za huduma. Kumpima mtu ni mojawapo, kumfundisha ni nyingine, na matengenezo na ufuatiliaji vimo. Wataalamu tunao: chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kwa hiyo naomba uagize jambo moja kwa kila mfadhili, kila mbunge na kila halmashauri inayogawa viti: kiti kisikabidhiwe bila mto, pampu, tyubu za akiba, spana zake, na mtaalamu wa kumpima na kumfundisha mhusika. Fedha zikipungua, vitolewe viti pungufu vilivyokamilika. Najua idadi ndogo haipendezi kwenye taarifa. Viti ishirini vinavyotembea ninavipenda kuliko hamsini vilivyolala stoo.

La pili ni letu mafundi. Kila mji una mafundi baiskeli, na karibu kila kijiji. Tunajua kunyoosha rimu na kubadili gololi. Tusichojua ni kumkalisha mtu sawasawa na kutambua kiti kisichomfaa. Tuleteeni walimu kutoka Moshi kwa mafunzo mafupi, halafu orodha ya waliofundishwa ibandikwe hospitali ya wilaya na ofisi ya ustawi wa jamii, ili mwenye kiti ajue pa kwenda.

Na ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa watu wenye ulemavu, iwaendee pia wanaotaka kufungua karakana za viti na duka la spea. Hakuna anayejua kiti kama anayekikalia kutwa. Vijana wawili wenye ulemavu huja kibandani kwangu kujifunza kuziba pancha na kukaza spoku, na mmoja ameshaanza kutengeneza viti vya wenzake nyumbani kwao. Hana seti ya spana wala mashine ya kuchomelea. Huyo ndiye ningependa afikiriwe kwanza.

Wako mtiifu,
Fundi baiskeli, Tanga